Neno "charge" liliwahi kuninyima hela, leo linanilisha

Jana usiku kuna kijana kanitumia meseji, anasema "dada shikamoo, nina intavyuu ya ukalimani, naomba unitumie synonyms zote za charge na maana zake kwa Kiswahili nikariri." Marahaba mdogo wangu. Nilianza kumjibu kwenye simu, meseji ikawa ndefu mpaka nikaona bora niandike huku na wengine msome, maana najua wengi mnaonifuatilia mnataka kufika huko huko, mtafsiri hela iingie, mkae kwenye kibanda cha wakalimani pale Arusha mikutano ikiendelea na hedifoni masikioni.

Ila neno lenyewe alilouliza limenigusa pabaya. Charge nalijua kwa uchungu.

Kuna ofisi moja, siitaji, ilinipa kazi ya kutafsiri maelezo ya mikopo ya wakulima, maandishi yenyewe yalitoka Kenya. Humo ndani kulikuwa na sentensi inasema benki itasajili "a charge over the land". Mi nikaandika benki itasajili rehani juu ya ardhi. Mhariri wao, mtu mzima na tai yake shingoni, akakata neno rehani kwa kalamu nyekundu akaweka "ada ya ardhi", halafu akamwambia bosi mi nikiwa nimesimama palepale kwamba hawa watoto wa shule za kata Kiingereza wanakisikia redioni tu. Nikalipwa nusu. Nusu! Na sikubisha kwa sababu kodi ya chumba ilikuwa inanisubiri, nikasaini nikatoka, kwenye daladala nikageukia dirishani nikalia mpaka kituo kikanipita.

Na nilikuwa sahihi. Sheria ya Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012 inaita charge kitu kilekile ambacho Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya mwaka 1999 inakiita mortgage, yaani mtu anaweka shamba dhamana na akishindwa kulipa benki ina haki ya kuliuza. Ada ukishalipa mmemalizana. Rehani inakaa juu ya shamba lako mpaka senti ya mwisho ya mkopo iishe. Sasa hayo maneno mawili unayabadilishaje kama unabadilisha shati?

Mwezi huu wamenipigia. Kumbe wakulima walisoma ile karatasi wakaelewa kuna hela ya kulipia tu, wengine wakasaini, siku waliyosikia habari ya shamba kupigwa mnada kikao hakikukalika. Kazi nzima imebidi itafsiriwe upya na wamenitafuta mimi, mtoto wa shule ya kata. Nimewatoza bei kamili, advansi kwanza, na nikataka jina langu liwekwe ukurasa wa mbele. Limewekwa. Nimefurahi na sifichi furaha yangu kwa sababu nilivyoumia hamna aliyenifuta machozi.

Sasa turudi kwa mdogo wangu. Listi ya synonyms, yaani visawe, maneno yenye maana zinazokaribiana, sikutumii. Sio roho mbaya, ni kwamba itakuua kwenye intavyuu. Ile kamusi ya visawe maarufu ya Kiingereza ilitolewa mwaka 1852 na daktari mmoja wa Uingereza, Peter Mark Roget, na aliyapanga maneno kwa mafungu ya mawazo, wala sio kwa alfabeti. Lengo lake ni mtu ambaye maneno anayajua tayari ila neno analolitaka limemtoka kichwani. We ambaye bado hujalijua neno ukipewa fungu zima lile utaokota lolote, na utaokota baya.

Kitu kilichonisaidia mimi ni kujua neno limetoka wapi. Charge asili yake Kilatini, carrus, gari la kukokotwa, likapita kwa Wafaransa likiwa na maana ya kupakia, na ukoo huohuo ndio umezaa car, carry na cargo. Kwa hiyo charge ni kupakia mzigo. Shika hapo. Ukishashika hapo maana zote zinajipanga zenyewe, unachouliza ni mzigo gani na kapakiwa nani.

Mzigo ukiwekwa kwenye mfuko wa mtu ni hela. Hapo mtaani tunasema kabisa "fundi kanichaji elfu 20", na kwenye maandishi tunasema kutoza. Lakini hata kwenye hela usikurupuke, Kiswahili kina maneno yake na kila moja lina mlango wake. Fee ya shule ni ada, Kenya wanasema karo. Fare ni nauli. Rent ni kodi au pango. Fine ni faini. Bank charges watu wanaita makato, maana hulipi kwa mkono, unakuta imeshakatwa. Levy ni tozo, na hili Watanzania hawalisahau tangu Julai 2021 ilipoanza tozo ya miamala ya simu, ukituma hela kulikuwa na makato ya kampuni na juu yake tozo ya serikali, vitu viwili tofauti kwenye meseji moja. Mkalimani angesema "charge" kwa vyote viwili hamna ambaye angeelewa nani kachukua nini. Na free of charge ni bure, basi, usiandike "huru na malipo", nimeiona kwenye bango la hospitali jamani.

Mzigo ukiwekwa begani kwa mtu ni madaraka. In charge. Hapa ndo wengi mnaanguka kwa kuandika "anayehusika" au "msimamizi" kila mahali. Tanzania tuna neno zuri kabisa, mfawidhi. Mganga Mfawidhi wa kituo cha afya, Hakimu Mfawidhi, Jaji Mfawidhi. Nenda zahanati yoyote ya serikali usome kibao juu ya mlango wa ofisi, limeandikwa pale. Manesi wenyewe wakiongea wanasema "inchaji hajafika", ila kwenye karatasi ni mfawidhi. Ukilitamka hilo mbele ya paneli wanajua huyu katembea.

Mzigo ukiwekwa kichwani kwa mtuhumiwa ni shtaka. Charge sheet ni hati ya mashtaka. Na hapa naomba mnisikilize vizuri, kutuhumiwa na kushtakiwa ni mbingu na ardhi. Suspect ni mtuhumiwa, yuko polisi, wanamhoji. Akishasomewa mashtaka mahakamani ni mshtakiwa. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 49, inataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya kazi ya mahakama inayofuata kama saa hizo zimeishia nje ya muda wa mahakama, na hapo ndipo anashtakiwa, au anaambiwa kwa nini anaendelea kushikiliwa, au anaachiwa. Magazeti yetu yanachanganya haya kila wiki na inaniuma, maana kuna mtu mtaani kwake anaitwa mshtakiwa na hajawahi hata kuona kizimba.

Betri nayo inapakiwa, tunachaji simu, hilo halina kelele, Kiswahili kimelichukua zamani. Kwenye fizikia kuna chaji chanya na chaji hasi. Tuendelee.

Mnyama je? Hapa waongoza watalii wa Arusha na Karatu wananielewa. Nyati aki-charge anakushambulia, amekuja kweli. Ila kuna mock charge ya tembo, anatanua masikio, anapiga kelele, anakuja mbio vumbi linatimka halafu anasimama ghafla mita chache mbele ya gari. Nilishawahi kutafsiri mafunzo ya waongozaji na mwenzangu aliandika "shambulio la kejeli". Tembo hakejeli mtu! Mzee mmoja dereva aliyekuwa amekaa nyuma akasema tu "anatishia huyo", na ndo neno tuliloliweka. Mzee yule hakufungua kamusi yoyote, kayaona kwa macho.

Ndo maana nawaambia vijana, angalieni majirani wa neno. Charged with, linafuata kosa. Charge for, inafuata huduma. In charge of, inafuata sehemu au watu. Charge at, kuna mtu anatakiwa akimbie. Neno likikaa peke yake usilitafsiri, uliza sentensi nzima, na ukipewa sentensi nzima angalia jirani wa kulia na wa kushoto. Narudia tena, jirani. Mnataka njia ya mkato ya listi kwa sababu listi inakaririka usiku mmoja, lakini anayesikiliza tafsiri yako ana shamba, ana mtoto rumande, ana mgonjwa wodini, huyo listi uliyokariri haimsaidii. Heshimuni watu. Kaeni chini msome.

Wanaosoma Biblia wakumbuke sala ya Stefano anapigwa mawe, Matendo 7:60. Kiingereza cha King James kinasema "lay not this sin to their charge". Kiswahili cha Union Version kimeandika "Bwana, usiwahesabie dhambi hii". Hamna shtaka wala mzigo, ni kuhesabia, na kila anayesikia kanisani anaelewa papo hapo. Mi nikisoma mstari ule huwa nasimama kidogo. Yule aliyetafsiri alijua kazi.

Sasa mdogo wangu, kwenye intavyuu wakishaona charge umeliweza watakupeleka kwenye discharge, nakuapia. Usiogope, ni mzigo uleule unashushwa. Meli ina-discharge, inapakua. Mgonjwa yuko discharged, karuhusiwa kurudi nyumbani. Betri imeisha chaji. Mkopo umelipwa, benki ina-discharge, rehani inafutwa na hati inarudi kwa mwenyewe. Daktari akisema kidonda kina discharge, hapo kinatoka usaha au majimaji, uliza ni kipi kabla hujafungua mdomo.

Ya mahakamani ndo yenye mtego. Hakimu akisema the accused is discharged, mkalimani mwenye haraka anasema "ameachiwa huru" na ndugu wanaanza vigelegele. Kuachiwa huru kwa kuonekana hana hatia ni acquitted. Discharged mara nyingi maana yake mashtaka yameondolewa kwa sasa na anaweza kukamatwa tena akashtakiwa upya kwa kosa lilelile, wengine wanakamatwa hata hawajamaliza ngazi za mahakama. Sema "mashtaka dhidi yake yameondolewa, ameachiwa". Kama hakimu hajaeleza kama kesi inaweza kurudi we usiongeze lako, ila neno "hana hatia" lisitoke kinywani mwako. Ndugu wakikufuata nje kukuuliza, waelekeze kwa wakili wao.