Madirisha ya ukumbusho kanisani: anza kutazama chini

Ukiingia kanisa la kijijini Uingereza, macho hukimbilia juu, kwenye picha za vioo vya rangi madirishani: Yesu, malaika, Mtakatifu George na joka lake. Mimi nakushauri uanze chini. Kwenye ukingo wa dirisha, kwa herufi ndogo ambazo wakati mwingine zimefichwa na maua, ndipo utakapokuta jina la marehemu, na mara nyingine la mjane au wazazi waliolipia. Ukishamjua, hata yule Mtakatifu George humtazami tena vilevile, maana huenda aliwekwa kwa ajili ya kijana wa hapo aliyeuawa vitani. (Ndiyo, waliopewa madirisha kwa kawaida ni wenye nazo. Wengine wako nje, chini ya nyasi.)

Nenda Tudeley, karibu na Tonbridge, Kent, katika kanisa la All Saints. Mwaka 1963 Sarah d'Avigdor-Goldsmid, binti wa miaka 21, alikufa maji katika ajali ya mashua ya tanga. Alikuwa amevutiwa na vioo vya Marc Chagall alivyoviona Paris, basi wazazi wake wakamwomba msanii huyo atengeneze dirisha la mashariki. Lilipowekwa mwaka 1967, Chagall alikuja kuliona, akataka ayatengeneze yote. Leo yako 12. Ya mwisho yaliwekwa mwaka 1985, mwaka aliofariki yeye mwenyewe.

Hapo pia anza chini: binti anaelea katika mawimbi ya buluu. Halafu pandisha macho polepole, ukutane na ngazi, na juu kabisa Kristo msalabani. Mimi nililitazama kwanza kutoka mlangoni nikaona buluu tupu. Kaa viti vya mbele.

Dirisha la mashariki liendee asubuhi, la kusini mchana. Siku ya mawingu usighairi safari, kwani mwanga ukipoa ndipo mistari ya brashi inapoonekana vizuri. Ukipiga picha kwa simu, gusa kwenye skrini sehemu yenye mwanga mkali kisha upunguze mwangaza, la sivyo rangi zote zitageuka nyeupe. Vioo vyenyewe usiviguse: vimeshikiliwa na madini ya risasi, metali laini inayolegea kwa uzee.

Katika makanisa mengine, chungulia pembeni utafute alama ya fundi. Mganda wa ngano ni wa Charles Eamer Kempe. Ukiona mnara mweusi juu ya mganda huo, dirisha lilitengenezwa na warsha yake baada ya yeye kufariki mwaka 1907.