Re: Helikopta na sledi ya mbwa Juneau, na mama mgongo unamsumbua

Nimekupata, meli yenu inatia nanga Juneau, Alaska, siku moja tu, mnataka helikopta iwapeleke juu kwenye theluji mkavutwe na mbwa kwenye sledi (kigari cha kuteleza kisicho na magurudumu), na unaogopa hela ipotee hali ya hewa ikichafuka. Chukua safari ya asubuhi bana, maana ukungu wa Alaska haubembelezwi, ikifutwa angalau mnaweza kuhamishiwa mchana kama kuna nafasi, na kabla hujalipa uliza kama wanarudisha hela yote. Uzito usidanganye, mtapimwa, siti za helikopta zinapangwa kwa kilo. Miwani ya jua lazima, ile theluji inaunguza macho hata Julai. Mgongo wa mama ndo ishu, sledi inarukaruka, aongee na daktari kwanza. Mbwa watabweka balaa, msishtuke, wanataka kukimbia tu hao.