Msianze na nyumba ya wageni, anzeni na njia

Ndugu, umeuliza kama kikundi chenu cha karibu na Tshivanga, penye lango la hifadhi ya Kahuzi-Biega mashariki mwa Kongo, kianze kwa kujenga nyumba ya kulala wageni wanaokuja hifadhini kuona gorila. Hapana. Wengi hulala mjini Bukavu, ambako si mbali, na vyumba vitakaa vitupu. Tengenezeni kwanza njia nzuri ya kutembea kijijini, nje ya mpaka wa hifadhi, mtu akae kwenu nusu siku na kula sambaza, vile visamaki vya Ziwa Kivu, na fufu, yaani ugali wa muhogo.

Adui ni maji ya mvua. Njia isipande kilima moja kwa moja: mteremko wake usizidi nusu ya ule wa kilima, la sivyo inageuka mtaro. Ikiwa na upana wa mita 1, ukingo wa upande wa bondeni uwe chini kwa sentimita 5 hivi, maji yatoke yenyewe. Penye mwinuko mkali zikeni gogo la mkaratusi likatize njia kwa mshazari, theluthi mbili ndani ya udongo, ligeuze maji kwenda pembeni. Wengi hulilaza likatize njia moja kwa moja, bila mshazari. Tope linajaa nyuma yake, maji yanaruka juu, watu wanalizunguka na kukanyaga mihogo ya jirani. Hapo ugomvi unaanza, na ni haki yake kulalamika! Kwa hiyo kubalianeni mapema na wenye mashamba sehemu yao ya kiingilio cha wageni, kwa maandishi.

Zoeni tope nyuma ya magogo kabla mvua za Septemba hazijaanza.