Mama mkwe hajakupora mtoto, amemwokota

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 24, naishi Ujiji, mume wangu ni mvuvi wa dagaa. Nina binti wa mwaka mmoja na miezi 10, na mvulana wa wiki tano. Binti nilimwachisha ziwa kwa pilipili akiwa na miezi 14, nilipojua nina mimba. Tangu nijifungue, mama mkwe amekuja kutoka Kasulu na haonyeshi dalili ya kuondoka. Amemchukua binti yangu analala naye, anamlisha yeye, na ananimalizia dagaa wa kuuza kwa kumtwangia mtoto mmoja. Mdogo anampa maji kwa kijiko, anasema ana kiu na chango. Mume nikimweleza ananyamaza, na usiku halali nyumbani isipokuwa kama wiki moja tu kwa mwezi. Nahisi ana mtu. Binti mwanzoni alikuwa anamng'ata mdogo wake, nikimchapa anajikojolea, lakini siku hizi ametulia kabisa, hata chakula hadai, na nywele zake zimelainika zimekuwa na wekundu kama za mtoto wa Kiarabu. Nimechoka. Nifanyeje huyu mama aondoke bila ugomvi? — Mama Wawili, Ujiji*

Marahaba mwanangu, na hongera ya uzazi. Pole pia, maana kunyonyesha kichanga huku mwingine hajatimiza miaka miwili ni kazi ya watu watatu. Pole yangu inaishia hapo, kwa sababu katika barua yako kuna mtu anayehitaji pole kuliko wewe, nawe umemtaja kwa kupita tu.

La mume nilimalize haraka. Dagaa wa Tanganyika huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Samaki huufuata mwanga, wavu ukawakusanya. Mbalamwezi ikiwaka ziwa zima, taa haiwavuti tena, na wavuvi hukaa nyumbani mpaka giza lirudi. Wiki hiyo moja anayolala kwako, toka uani utazame juu. Mwezi ukiwa mpevu, basi umepata jibu lako. Wewe ni mke wa mvuvi na unaishi Ujiji, hesabu hii ulipaswa kuwa nayo kabla ya kumsingizia baba watoto.

Sasa tuje kwa binti. Umeandika kwamba ametulia, hadai chakula, nywele zimelainika na kuwa nyekundu. Umeandika kama mtu anayesifia. Mwanangu, mtoto wa miezi 22 hatulii hivyo kwa sababu amepata adabu. Mtoto wa umri huo anamwaga maji, anapanda meza, anavuta kanga yako ukiwa jikoni. Akikaa mahali pamoja akitazama tu, mwili wake umeishiwa. Nywele nyeusi zinazopauka, zikawa nyekundu na kung'oka kirahisi, si uzuri wa Kiarabu. Ni mojawapo ya dalili za kwashakoo.

Na neno hilo lenyewe lisikie vizuri. Limetoka katika lugha ya Waga wa Ghana, na kwao ni jina la ugonjwa unaompata mtoto pale mdogo wake anapozaliwa. Daktari Cicely Williams alilisikia kwa akina mama wa huko miaka ya 1930, akaliingiza katika maandiko ya kitabibu. Akina mama wale walishaona kwamba mtoto anayeondolewa ziwani ghafla na kuachiwa chakula cha wanga mtupu hudhoofika. Binti yako aliondolewa kwa pilipili, kwa siku moja au mbili, akiwa na miezi 14. Mimba haiharibu maziwa, na mama mwenye afya anaweza kuendelea kunyonyesha akiwa mjamzito. Hilo limepita, silirudishi ili nikulaumu. Nauliza tu: baada ya ziwa, alipewa nini mahali pake? Kama ni ugali wa muhogo na mchuzi, basi alipewa kushiba bila kupewa chakula.

Kupima kwa barua siwezi, lakini wewe unaweza kufanya kitu kimoja leo. Mkalishe binti, bonyeza kwa dole gumba upande wa juu wa nyayo zote mbili, hesabu polepole mpaka tatu, kisha achia. Kishimo kikibaki miguu yote miwili, huo ni uvimbe, na safari ni ya hospitali leo leo. Usijaribu kumshindilia chakula nyumbani ili kufidia. Mwili uliodhoofika namna hiyo hauhimili shibe ya ghafla, ndiyo maana hospitali huanza na maziwa maalumu kidogo kidogo, kila baada ya saa mbili au tatu, mchana na usiku. Kishimo kisipobaki, bado kesho asubuhi aende kliniki apimwe uzito na mzingo wa mkono. Utepe ukisoma chini ya sentimita 12.5 ana utapiamlo, chini ya 11.5 ni utapiamlo mkali na atapewa chakula dawa.

Umeona sasa kwa nini dagaa wako wanaisha? Yule mama aliingia nyumbani kwenu, akamtazama mjukuu wake mara moja, akashika mchi. Hajasema neno. Hakukuambia "umemtupa mwanao", ingawa angeweza. Anakaa na kinu, anatwanga, anachekecha, anamlisha mtoto ambaye wewe unamsifu kwa ukimya. Wewe unahesabu dagaa! Mimi katika ugomvi huu niko upande wake, na baba watoto anayenyamaza nadhani naye yuko huko.

Anachofanya ukijifunze kabla hajaondoka. Dagaa kikombe kimoja wanachambuliwa mawe, wanasuuzwa maji mawili ya vuguvugu, maana waliokaushwa chini wamebeba mchanga. Wanakaushwa tena, kisha wanakaangwa bila mafuta kwa moto mdogo mpaka ukimvunja mmoja analia "kach". Hapo twanga, chekecha, hifadhi katika kopo kavu lenye mfuniko. Bakuli moja la uji au ugali laini linaingia vijiko viwili vya chakula vya unga huo. Mawese kijiko kimoja cha chai, na uyatie chakula kikikaribia kuiva. Ule wekundu ndio asili ya vitamini A, ukiyachoma mpaka yapauke umeitupa. Maharage yaive mpaka yapondeke, umenye maganda. Tumbo la mtoto wa umri huu ni dogo, kwa hiyo milo mitatu na vitafunwa viwili katikati: ndizi mbivu, parachichi, yai. Karanga nzima usimpe, zinapalia. Na awe na sahani yake mwenyewe. Mtoto anayekula sinia moja na watu wazima anamaliza kucheza na tonge la kwanza wakati wao wanakunja mikono.

Kung'ata na kujikojolea ni barua ya mtoto asiyejua kuandika. Amenyang'anywa ziwa, mgongo, na kitanda, vyote ndani ya mwaka mmoja, na aliyevichukua amelala hapo ananuka maziwa. Ukimchapa unamthibitishia anachokihofia. Akitaka kung'ata, uzuie mdomo kwa mkono, mwambie "hatuumi", mtoe, basi. Akijikojolea, mbadilishe bila hotuba. Mpe kazi: alete nepi, ashike sabuni. Kichanga kikilala, simu weka chini, dakika 15 ni zake peke yake. Wakati wa kunyonyesha mkalishe ubavuni mwako, na mkono wako uliobaki uwe juu yake. Na mara moja moja, mkubwa akisikia, kile kichanga nacho kiambiwe: "Subiri kidogo, namvalisha dada." Baba akirudi kutoka mwaloni, amsalimie mkubwa kwanza. Mdogo hajui nani kasalimiwa. Ila usiwaache wawili peke yao kitandani, hata kwa dakika ya kwenda kuchungulia chungu.

Suala la kulala: mama mkwe yuko sahihi tena. Mtoto wa miezi 22 anajigeuza usiku, anaweza kumlalia kichanga. Vyandarua viwili vyenye dawa, kila kimoja kichomekwe chini ya godoro, bibi na mjukuu huku, wewe na mdogo kule. Kama hilo unaliita kutengwa na mwanao, mbona saa za mchana zote ziko wazi?

Nisimfiche aliko na kosa. Maji kwa kijiko ni kosa, na hapo simtetei. Sehemu kubwa ya maziwa ya mama, kama asilimia 88, ni maji, hivyo kichanga hakina kiu hata jua la Ujiji liwake vipi. Kijiko cha maji kinajaza tumbo dogo, mtoto ananyonya kidogo, nayo maziwa yanapungua kwa sababu hutengenezwa kadiri yanavyonyonywa. Na maji yakiwa na vijidudu, kuhara kwa mtoto wa wiki tano si mchezo. Ziwa tupu mpaka miezi sita, mara 8 hadi 12 kwa siku, na akilowesha nepi sita au zaidi ujue yanamtosha. Hicho mnachokiita chango, kilio cha jioni kisicho na sababu, huwa kikali zaidi karibu na wiki ya sita, na hupungua kufikia miezi mitatu au minne. Mbebe, mtembeze, apige mbweu. Lakini akigoma kunyonya, akiwa na joto la 37.5 au zaidi, akipoa isivyo kawaida, akipumua haraka au kifua kikizama, usisubiri mtu arudi kutoka ziwani, mpeleke hospitali.

Hayo ya maji usimwambie wewe. Mkwe hamfundishi mama mkwe, atasikia unamdharau. Mwache muuguzi aseme mbele yake, atasikia.

Ndoa za sasa zina tabia moja inayoniumiza. Binti anaolewa na mwanamume, halafu anashangaa kukuta mwanamume huyo ana mama. Anataka nyumba ya watu wawili, mlango umefungwa, na mtoto wa pili akizaliwa anatafuta msichana wa kazi wa miaka 15 asiyejua hata kupima joto la mwili, wakati bibi mwenye uzazi saba anafungashiwa nauli. Kidole kimoja hakivunji chawa. Wazee wetu waliweka arobaini wakijua mzazi hawezi peke yake. Wapo mama wakwe wakorofi, nawajua kwa barua zao, wanaohesabu chumvi na kuchonganisha. Huyu wako si mmoja wao. Hujaandika hata tusi lake moja, na ungekuwa nalo usingelisahau.

Kwa hiyo swali lako la namna ya kumwondoa silijibu. Abaki mpaka binti anenepe. Dagaa wanaoliwa na mtoto mwambie mume wako awatenge kabla ya kupima wa kuuza, na mwambie pia, wiki ya mbalamwezi akiwa ametulia, kwamba mimba nyingine isiingie kabla mdogo hajafika miaka miwili. Kunyonyesha kunazuia mimba pale tu mambo matatu yakiwa pamoja: mtoto hajafika miezi sita, ananyonya ziwa tupu usiku na mchana, na wewe hujaona siku zako. Maji ya kijiko yameshavunja moja.

Wiki ijayo ni wiki ya sita, mdogo ana chanjo na wewe una kipimo chako na mazungumzo ya uzazi wa mpango. Binti asingoje wiki ijayo. Beba kadi yake pia, uangalie kama alipata chanjo ya surua na rubela ya miezi 18. Wakati ule ulikuwa na mimba ya miezi sita, wengi huisahau. Kesho amka mapema, umsalimie mama mkwe shikamoo ya kupiga goti, umwombe akusindikize kliniki. Mdogo abebwe na bibi yake. Mkubwa mfunge wewe mgongoni, kwa mbeleko ileile ya mdogo wake.