Punda wa miaka miwili hafungwi mkokoteni, mkuu

Mkuu, hizo kamba ulizonunua zitundike kwanza, na hiyo video uliyoweka ya kijana wa Texas anayefundisha farasi ifunge. Umeandika uko Bahi, una punda wawili "wa kama miaka miwili hivi", unataka mtama ukivunwa wawe tayari wanavuta mkokoteni. Ukauliza nira, matairi, chakula na mafunzo yanachukua muda gani. Mimi nimeishia kwenye "miaka miwili", chai ikapoa.

Nilifanya hivyo hivyo. Dalali wa mnada mmoja nisioutaja aliniuzia punda dume, akampiga kofi la mgongo, akasema, "Huyu miaka mitatu kamili, mfunge hata kesho." Kesho yake nikamfunga, maana mimi ni mtu mtiifu. Ilikuwa kipindi serikali imehamia Dodoma, kila kona msingi unachimbwa, mchanga na tofali ni hela. Nikajiona tajiri wa usafirishaji.

Na hela iliingia kweli. Hapo ndipo utakapodanganyika na wewe, kwa sababu punda mchanga haharibiki siku ya kwanza. Anavuta tu, kimya. Baada ya muda miguu ya mbele ikaacha kusimama wima, magoti yakasogea mbele, mgongo ukabonyea katikati. Kila tukifika kwenye korongo la njiani anasimama. Nikasema ana kiburi, nikashika fimbo. Kila mpita njia akanishauri nitafute fimbo nene zaidi. Kwa ushauri wa fimbo watu wetu hawana uchoyo. Laiti ningemwangalia usoni! Pua zimebana, masikio yamelala nyuma, ngozi ya bega inachezacheza. Farasi akiogopa au akiumia hutimua mbio. Punda huganda pale pale, sisi tunaita ukaidi.

Mtaalamu wa mifugo alipokuja hakuanza na mguu. Alimshika taya, akafunua mdomo wa chini kwa kidole gumba, akaniambia sogea uone. Meno ya mbele yote sita yalikuwa madogo, meupe, membamba pale yanapoingia kwenye fizi. Meno ya utoto. Punda hubadili yale mawili ya katikati akiwa na miaka miwili na nusu hadi mitatu, yanayofuata pembeni akikaribia minne, ya mwisho kabisa akikaribia mitano. Jino jipya hulikosei, ni pana, refu, lina rangi ya manjano kidogo. Wa kwangu hakuwa amebadili hata moja. Nilikuwa nimembebesha mtoto tofali za nyumba za watu.

Dawa za maumivu zilisaidia kidogo, mifupa iliyokwisha kupinda haikurudi. Kumuuza sikuweza, nani anunue? Wenzake walipofika umri wa kuanza kazi, yeye alikuwa ameshastaafu. Yupo nyuma ya nyumba anakula mabua yangu na kulia usiku wa manane. Mke wangu anamwita mpangaji. Punda akitunzwa anaweza kupita miaka thelathini, kwa hiyo fanya hesabu mwenyewe nitamlisha mpaka lini.

Yule dalali bado hunitumia salamu za sikukuu. Hana hata aibu. Wako wengi wa aina yake, maana biashara ya ngozi za punda ilipandisha bei ya punda wakubwa na kuwapunguza, ndiyo wadogo wakaanza kupewa umri wa kubuni. Februari 2024 Umoja wa Afrika ulikubaliana kusimamisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi kwa miaka 15. Safi sana, ila azimio halifunui midomo ya punda mnadani. Utafunua wewe. Meno manne makubwa chini, mawili ya kati na moja kila upande, ndipo kamba ya mkokoteni. Pungufu ya hapo usifunge, hata muuzaji aape kwa mama yake.

Sasa huyo kijana wa Texas. Amekulia ranchi, ameshika farasi tangu hajajua kusoma. Ndiyo, wenzetu huwawekea farasi tandiko wakiwa na miaka miwili, na wa mbio hukimbia umri huo huo, lakini hata huko kuna ubishi mkubwa, kwa sababu mifupa ya uti wa mgongo ndiyo hukomaa mwisho. Tena yeye anampanda dakika chache ndani ya uzio wa duara, anampumzisha. Wewe unataka kuvusha magunia kwenye udongo wa mbuga. Na ule mtindo wa kumkimbiza mnyama kwenye duara mpaka ajisalimishe unafaa kwa mnyama wa kukimbia. Mkimbize punda hivyo, atasimama akuangalie mpaka uchoke, au akupige teke.

Kitu kimoja cha kuiga pale ni mkono wake. Anavuta kamba taratibu, na farasi akipiga hatua moja tu, kamba inalegea papo hapo. Mnyama anajifunzia kwenye kulegea. Hilo wafanyie hao wawili tangu leo. Wazoeshe kamba ya kichwani, kuinuliwa kwato, kutembea nyuma ya punda mzima mwenye adabu kwenda kisimani, kusikia mlio wa mkokoteni wakiwa pembeni. Wafundishe pamoja, punda akitenganishwa na mwenzake akili yote inabaki nyumbani. Baadaye magunia matupu mgongoni. Matupu, mkuu, usinichokonoe.

Nira ya maksai sahau kabisa. Ng'ombe wetu ana nundu ya kusukumia, punda hana, ule mti utakaa juu ya mifupa ya shingo mpaka utoe kidonda. Punda husukuma kwa kifua, kwa hiyo shona mkanda mpana wa turubai, ndani uweke kitambaa laini. Usitumie waya wala mpira wa tairi, unachemsha jasho na kuchuna ngozi. Fundi aliyeniuzia nira alisema "punda na ng'ombe shingo ni shingo." Naye ningemtaja hapa kama si ujirani.

Mtama wa mwaka huu kodi mkokoteni wa jirani mwenye punda wakubwa, gharama yake ni ndogo kuliko mpangaji wangu. Ya matairi na chakula watakujibu wengine. Wewe kesho asubuhi, kabla jua halijawa kali, mtu mmoja ashike kichwa, mwingine apige picha ya meno ya chini ya kila punda, uziweke hapa. Na zisiwe na ukungu.