Muulize Fundi: Mishale ya dashibodi imekatika, ninunue ya Kichina?

Swali: Shikamoo fundi. Nina Yamaha DT 125 ya zamani niliyoachiwa na baba mdogo, alikuwa bwana shamba huko Sengerema enzi hizo. Injini bado inakohoa vizuri tu, tatizo ni mita. Mshale wa spidi umekatika umebaki kisiki, kipande chake kipo humohumo ndani ya kioo kinarukaruka kila nikipita kwenye tuta. Wa RPM (mizunguko ya injini) ndo umepotea kabisa maana kioo chake kilipasuka. Mafundi wa hapa wananiambia ng'oa zote weka dashibodi ya pikipiki ya Kichina, mi roho inaniuma. Inatengenezeka? Na nikitengeneza itasoma ukweli? *Kijana wa Buhongwa.*

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Inatengenezeka, na hiyo dashibodi ya Kichina achana nayo kwanza. Sababu siyo urembo. Kila mita ya waya imetengenezwa kuhesabu mizunguko ya waya kwa namna yake, sasa ukichukua ya pikipiki nyingine ukaifunga kwenye waya wa DT unaweza kuona 40 kumbe uko 55, halafu kwenye makazi ya watu mwisho ni 50, trafiki hatakuelewa ukimwambia habari za dashibodi.

Uelewe kwanza kinachotokea mle ndani. Waya unatoka gurudumu la mbele unakuja kuzungusha sumaku. Juu ya sumaku kuna kikombe chepesi cha alumini, havigusani kabisa, ila sumaku ikizunguka inakivuta kikombe nacho kitake kuzunguka, na springi nyembamba kama unywele inakirudisha. Mshale umekaa juu ya ekseli ya hicho kikombe. Ndo maana nasema mita yako haijafa, kilichokufa ni kaplastiki tu, kameungua jua miaka yote hiyo kakawa kama biskuti. RPM ya hizo DT za zamani nayo inaenda kwa mtindo uleule, tofauti waya wake unatoka kwenye injini.

Kufungua: ule mkanda wa bati unaoshika kioo unainuliwa taratibu kwa bisibisi ndogo bapa, kidogo kidogo kuzunguka pote, usiwe na haraka maana ukiukunja hautakaa tena. Ukishafungua USIGUSE kitu. Chukua simu piga picha pale kisiki kilipolala. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Kwenye sifuri kuna kapini kanakozuia mshale usirudi nyuma zaidi, na kiwandani springi iliachwa imekazwa kidogo, yaani mshale mzima unaegemea pini kwa nguvu. Kisiki chako kama ni kifupi hakiifikii pini, kwa hiyo kitakuwa kimelala chini ya sifuri. Mtu anaona hivyo anadhani kimepinda, anagundisha kipande kikiwa kinatazama sifuri, halafu anashangaa mita inadanganya mwendo wote. Wewe gundisha kipande kinyooke na kisiki chake hivyohivyo kilivyolala, gundi ikikauka unainua ncha kidogo sana unaivusha juu ya pini ije upande wa namba. Hapo springi imerudi ilivyokuwa.

Kisiki kama kimeshika vizuri kwenye ekseli usiking'oe, utavunja kingine. Weka karatasi chini yake ulinde uso wa mita, kata unyuzi mmoja wa shaba kutoka kwenye waya mdogo wa umeme, ulaze mgongoni mwa mshale uvuke pale palipovunjika, halafu gundi ya tyubu mbili zile za kuchanganya, kiasi cha ncha ya pini basi. Supagluu siipendi kwa kazi hii, inatiririka inaingia kwenye ekseli inagandisha kila kitu, na mvuke wake ukifunga kioo mapema unaacha ukungu mweupe ambao hata ufute vipi.

Wa RPM uliopotea tengeneza. Usikate kwenye kopo la Blue Band wala ndoo, plastiki ile haishiki gundi. Tafuta kasha la CD, chonga kijiti chembamba, piga msasa hadi kiwe chepesi kuliko unavyodhani inatosha, kiunge kwenye kisiki. Rangi ya kucha ya chungwa inafaa sana, shemeji hatakunyima, ila mkono mmoja tu mwepesi na ujaribu kwanza kwenye kipande ulichobakiza. Kabla hujavusha ncha kwenye pini, shika mita mkononi uigeuze huku na huku polepole, mshale ukiyumba kufuata ardhi basi mbele ni pazito, punguza urefu au weka tone la gundi kwenye mkia wake.

Na waya uangalie bwana! Waya mkavu au uliopinda unafanya mshale utetemeke na kujirusha mpaka unagonga pini, na hapo mshale mzee ndo unakatikia. Chomoa, safisha, paka grisi nyepesi, ila zile inchi za juu karibu na mita acha kavu, maana grisi inapanda na mzunguko inaingia kwenye kikombe.

Kuhakiki ni rahisi, barabara ya Buhongwa kwenda Usagara asubuhi magari yakiwa machache, mpakie mtu ashike simu yenye GPS, wewe shikilia 40 kisha 50 akusomee. Mita ikizidisha kidogo ni kawaida, hata zikiwa mpya huwa hivyo. Ikizidisha sana au ikipunguza, rudi kwenye habari ya pini.

Swali: Fundi habari, mimi niko Ukerewe, mshale wangu wa mafuta haujakatika ila umelala kwenye E hata nikijaza tenki. Nivuke Mwanza kununua mita? *Bodaboda wa Nansio.*

Jibu: Usivuke bado, nauli ya meli hiyo kalie samaki. Chomoa soketi ya nyaya za boya (kile kinachoelea ndani ya tenki kupima mafuta) chini ya tenki, washa swichi bila kuwasha injini, gusanisha nyaya mbili za upande unaokwenda kwenye mita kwa muda mfupi tu, mbali na mafuta yaliyo wazi. Mshale ukiinuka, mita ni nzima. Toa boya ulitikise sikioni, ukisikia petroli inacheza ndani limetoboka limezama, nunua boya peke yake.