Takribani zaidi ya: imefika au imepita?

SWALI: Mwenzangu huandika "mapiramidi ya Misri", mimi "piramidi za Misri". Nani kapatia? Majengo yenyewe yamedumu takribani zaidi ya miaka 4,500, na ubishi wetu unaelekea kudumu vivyo hivyo.

JIBU: Andika "piramidi hii, piramidi hizi", ngeli ya I-ZI, mlale. Neno lina asili ya Kigiriki. Wamisri wa kale waliliita jengo hilo mer, kwa hiyo hakuna farao atakayefufuka kumtetea mwenzako.

Sasa turudi kwenye barua yako. "Takribani zaidi ya miaka 4,500"! Takribani, neno la Kiarabu lenye asili moja na "karibu", linasema tunakadiria: huenda imepungua kidogo, huenda imezidi. "Zaidi ya" inasema imezidi, basi. Ukiziunganisha, huna hakika kama imezidi, na papo hapo una hakika imezidi.

Chukua Stonehenge, duara la mawe la kale kule Uingereza. Handaki lake la mviringo lilichimbwa karibu mwaka 3000 KK. Mawe makubwa yakasimamishwa karne kama tano baadaye. Umri wa handaki ulipatikana kwa kupima kaboni ya pembe za kulungu zilizotumika kuchimbia, na kipimo hicho hakitoi mwaka mmoja, hutoa kuanzia hapa hadi pale. Ndiyo maana "takribani miaka 5,000" ni uungwana. "Zaidi ya miaka 4,000" nayo ni kweli, hata mvivu ataiapia. Lakini "takribani zaidi ya miaka 5,000" inaliacha handaki la watu mlangoni, mguu ndani, mguu nje. Wapo na wanaomalizia kwa "hivi": "takribani zaidi ya miaka 5,000 hivi". Nikifika hapo huweka kalamu chini nikanywa maji.

(Sitaigusa leo "miaka 2,500 KK iliyopita", inayohesabu kutoka kwa Kristo na kutoka leo kwa mkupuo mmoja. Shinikizo langu la damu haliruhusu.)

Na pasipo na shaka, takribani ya nini? Ujenzi wa Parthenon, hekalu la kale la Athens, Ugiriki, ulianza mwaka 447 KK. Hesabu za matumizi zilichongwa kwenye jiwe. Kuandika "takribani mwaka 447 KK" ni kumtilia shaka karani wa watu bure.

Mwambie mwenzako "mapiramidi" yake nitayastahimili, hayamdhuru mtu. "Takribani zaidi ya" yako ndiyo siistahimili.